Ndagala za Nsimire

Massoudi alikuwa fundi wa magari katika mtaa wa Buyenzi. Kila alipoinama kwenye injini, maji machungu yalipanda kutoka tumboni hadi kooni. Hakuweza tena kulala chali. Mkewe Mwantum alimwegemeza kwenye mito, mwaka wa tatu sasa, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka.

“Ni sumu,” alisema Massoudi. “Ilianza na vile visamaki vya ndagala jirani Nsimire alivyotuletea siku ya Idi.”

“Tulikula wote, baba Soumaya. Mbona mi sijafa?”

“Yako inakuja polepole.”

Akanywa dawa za miti za mganga ili aitapike sumu. Kila alipotapika, kifua kiliwaka zaidi. Akakonda. Mwishowe hata mkate ulikwama.

Mama yake Mwantum alikufa akitapishwa vivyo hivyo. Mwantum ndiye aliyemwosha. Basi akavaa ushungi, akabisha kwa Nsimire, jirani yao Mkongomani, muuguzi. Hawakuwa wamesalimiana tangu Idi ile.

“Kumbe bado munanijua?” alisema Nsimire. Lakini alisikiliza hadi mwisho.

“Dada, hii si sumu. Pale njia ya chakula inapoingia tumboni, kuna kama mulango. Wake umelegea, asidi inapanda. Kutapika kunamuunguza zaidi. Na chakula kikianza kukwama, apana kungoja. Daktari aangalie na kamera.”

Mwantum akampeleka mumewe hospitali. Kamera iliyopitishwa mdomoni ilionyesha vidonda, na sehemu ya tumbo imepanda kifuani. Massoudi alimeza vidonge miezi mingi, akala mapema kabla ya kulala. Vidonda vilipona. Maji yaliendelea kupanda.

“Wengi dawa inawatosha,” daktari alimwambia. “Wewe, mlango haufungi. Tutapitia matundu madogo, tushushe tumbo, kisha tuizungushe sehemu yake ya juu kwenye njia ya chakula, ibane.”

“Mutanikata koo?”

“Hapana, mzee. Koo lako tutakuachia ulalamike nalo.”

Baada ya upasuaji alikunywa supu wiki kadhaa, wala hakunyanyua injini. Kisha akalala chali, kwa mto mmoja.

Idi iliyofuata alienda mwenyewe kwa Nsimire.

“Shemeji, ndagala ziko?”

“Za sumu ao za kawaida?”

Massoudi aliinamisha kichwa. “Unisamehe.”

“Kaa. Tafuna polepole.”

Mwantum alimtazama akimeza. Alimkumbuka mama yake, ambaye hakuna aliyempeleka popote.