Siku Rispah Alipotulia

Haya aliniambia rafiki yangu Wakoli, mpiga picha wa Kitale, na alikuwa akilia. Mkewe, Rispah, hakuacha hata picha moja nzuri, kwa sababu hakujua kusimama tuli mbele ya kamera.

"Si utulie kidogo, Mama Ivy!" Wakoli alizoea kumwambia, akimwita kwa jina la binti yao.

"Ati nitulie? Na mahindi nani atageuza?"

Tulipomzika kule Tongaren, tulibeba picha ya kitambulisho iliyokuzwa, na haikufanana naye.

Rispah alitamani sana kuiona bahari. Basi Wakoli akaenda Kilifi peke yake. Alfajiri, giza likiwa bado, aliweka kamera kwenye stendi ufuoni na kuacha lenzi wazi kwa dakika kadhaa. Picha ya namna hiyo, nyeusi na nyeupe, hugeuza mawimbi kuwa ukungu, na mtu anayepita haonekani kabisa. Akitaka aonekane, lazima asimame tuli, na hata hivyo macho hutoka yamefifia, kwa sababu ya kupepesa.

Akasikia miguu ikikanyaga maji polepole. Ilikuja mpaka mbele ya kamera, ikanyamaza. Hakuona mtu.

"Nani huyo?"

Akasubiri dakika zikaisha, akafunga lenzi.

Picha hiyo nimeishika kwa mikono yangu. Bahari ni ukungu mtupu, na ndani yake amesimama Rispah, ametulia kabisa, na ile sweta tuliyomzika nayo inaonekana mpaka nyuzi. Ni macho tu, yale ambayo Wakoli aliyafumba kwa mkono wake mwenyewe, ndiyo yamefifia.