Bwawa Nyuma ya Nyumba

Kila wingu zito lilipotanda, Mama Cherehani aliacha kushona. Yeye na mumewe walibeba cherehani na kuiweka juu ya meza. Kisha walikunja vitambaa na kuvipandisha kabatini. Mtaa wao ulikuwa bondeni, na mvua ikinyesha, maji hayakubisha hodi. Yaliingia tu kama mwenye nyumba.

Siku moja mumewe alirudi na habari.

"Halmashauri inataka kuchimba bwawa la maji ya mvua. Hapo kiwanjani, nyuma yetu."

"Nyuma yetu?" Mama Cherehani aliruka. "Maji yametutesa, sasa wanatujengea kabisa makao yake!"

"Na mbu je?" aliuliza mama mkwe wake. "Na wajukuu zangu wakitumbukia?"

"Wakachimbe kule juu, stendi," alisema Mama Cherehani. "Mama, kesho naenda kikaoni. Watanisikia."

Ukumbi ulijaa. Madiwani walikuwa na sehemu mbili za kuchagua: stendi, au kile kiwanja cha bondeni. Mama Cherehani alisimama, akasema yote yaliyokuwa moyoni. Watu wakampigia makofi.

Mhandisi wa halmashauri, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu, pole sana. Hebu nisaidie. Maji yanayoingia kwako hutoka wapi?"

"Mengine hutoka stendi. Mengine hutoka upande wa sokoni."

"Yanakutana wapi?"

Mama Cherehani alisita. "Pale kiwanjani. Yakijaa, yanakuja kwangu."

"Basi. Tukichimba stendi, maji ya sokoni hayatapita huko. Yatakuja kwako kama kawaida. Tukichimba kiwanjani, yote yataingia shimoni kabla ya kufika mlangoni pako. Halafu bomba litayatoa polepole hadi mtoni."

"Na mbu?"

"Mbu hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama. Mayai hayo huchukua wiki hivi mpaka yawe mbu. Bwawa litakauka mapema kuliko hapo. Lakini mkitupa mifuko ya plastiki, mdomo wa bomba utaziba. Maji yatatuama, na mbu watashangilia."

Watu walicheka. Mama Cherehani hakucheka.

"Na watoto?"

"Kingo zitakuwa za mteremko mdogo, ili mtu aweze kupanda atoke. Na tutaweka uzio."

"Uzio uje kabla ya mvua," alisema Mama Cherehani. "Ahadi tumeshakula nyingi, na hazishibishi."

Diwani mmoja alimuunga mkono. Madiwani walipiga kura: bwawa bondeni, na uzio kwanza. Mama Cherehani alitembea kurudi nyumbani akiwa na wasiwasi. Je, kama amekosea kukubali?

Uzio ulikuja. Shimo likachimbwa, bomba likalazwa. Majirani wakapanga zamu ya kuokota takataka kwenye mitaro na mdomoni mwa bomba. Waliochelewa zamu walitaniwa mtaa mzima.

Kisha ikaja mvua yenyewe. Ilianza mchana, ikapiga mabati hadi watu wakashindwa kusikilizana. Mama mkwe alipanda kitandani na viatu vyake mapajani. Mama Cherehani alisimama dirishani. Barabara iligeuka mto. Maji yalishuka kutoka stendi, yakashuka kutoka sokoni, yakakutana kiwanjani. Yakazama ndani ya bwawa. Bwawa likapanda, likapanda, likabakiza ukingo tu.

Mvua ikakatika.

"Yameingia?" aliuliza mama mkwe, macho ameyafumba.

"Hayajaingia, Mama."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Hata chini ya kitanda."

Mama mkwe alishusha mguu mmoja taratibu. Akagusa sakafu kwa kidole gumba, kama mtu anayepima joto la maji ya kuoga. Akashusha na wa pili.

"Pakavu!" alisema, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. "Mwanangu, pakavu!"