Bibi Tuda Hakusahau

Kila alipotoka shule, Itto alivua viatu vyenye matope mlangoni, akambusu bibi yake mkono, akapewa mkate na mafuta ya zeituni na gilasi ya chai ya mnanaa. Kisha alikwenda kukaa karibu na jiko la kuni, kwa maana baridi ya Azrou, mji wao wa milimani nchini Moroko, haina mzaha, akafungua kitabu cha hesabu mapajani. Mtu angechungulia, angeona msichana wa miaka kumi na miwili aliyeinamisha kichwa, anajiandaa kwa mtihani wa darasa la sita.

Chini ya kitabu kulikuwa na sindano mbili za kufumia na bonge la uzi wa sufu.

Kufuma alifundishwa na Bibi Tuda, mama wa baba yake, wakati Itto alipougua akakaa nyumbani. Kofia yake ya kwanza aliivaa shuleni, na wasichana wote wakaishika.

"Umeinunua wapi?" Fadma, jirani yake wa dawati, alimwuliza.

"Nimeifuma mwenyewe."

"Mwongo."

"Wallahi nimeifuma mwenyewe."

Fadma akataka ya kwake, na wenzake wakataka pia. Itto aliwaahidi wote. Katika hesabu za sehemu hakuna aliyewahi kumsifu. Mwalimu Saadia alimrudishia kazi zake zikiwa zimejaa wino mwekundu. Lakini kofia ziliwafanya wasichana wamsubiri getini. Basi hesabu akaziacha, akasema moyoni kwamba mtihani bado uko mbali.

Mama yake, Hadda, alikuwa mpishi katika bweni la wasichana, akirudi jua likizama. Baba yake, Moha, alikuwa mlinzi wa msitu wa mierezi. Kwa hiyo alasiri nyumbani walibaki wawili tu, Itto na bibi yake, na Itto ndiye aliyeachiwa kazi ndogondogo za jikoni.

Siku moja aliteleka maziwa, akasema atafuma mstari mmoja tu wakati yanachemka. Mstari ukazaa mwingine. Alipokumbuka, maziwa yalikuwa yamefurika na kuganda juu ya jiko la gesi.

"Nani ameacha maziwa haya?" Hadda aliuliza aliporudi.

Itto alikusudia kusema kweli. Lakini angesema alikuwa akifanya nini?

"Mimi nilikuwa nasoma, Mama. Nadhani Bibi ndiye aliyekuwa jikoni."

Bibi Tuda alikuwa akikanda unga. Akainua kichwa, akafikiri. "Mimi? Haya, huenda ni mimi."

"Maziwa tu hayo, Mama. Usijali," Hadda alimwambia mkwewe, akachukua kitambaa akafuta.

Itto alisikia moyo ukimchoma. Alisikia pia nafuu, na ile nafuu ndiyo iliyomharibu. Pasi ilipounguza suruali ya baba yake, alisema tena kwamba anadhani ni Bibi. Bomba la maji lilipoachwa wazi mpaka zulia likaloa, hakusema neno. Alimtazama tu bibi yake, na mama yake akafuata macho yale.

Kisha likaja jambo la dengu. Itto aliziteleka, akaenda kumalizia kofia ya Fadma. Sufuria ikakauka, dengu zikawa makaa, na kitambaa kilichokuwa kando kikashika moto. Moshi ndio uliomwinua. Alikimwagia maji, na mama yake akaingia wakati ule ule, mkoba ungali begani.

"Kuna nini hapa?"

"Bibi aliwasha jiko akaenda kusali," Itto alisema. Safari hii hakusema nadhani.

Bibi Tuda alikuwa amesimama mlangoni, tasbihi mkononi. Alikuwa amesikia. "Hadda, sikumbuki hata kuligusa jiko."

"Ndiyo tunachoogopa, Mama," Hadda alimjibu kwa upole. "Kwamba hukumbuki."

Kuanzia hapo, kila asubuhi Hadda alifunga mtungi wa gesi kabla ya kwenda kazini. Alimwomba Rkia, jirani yao, awe anachungulia mchana, na hakukosa kumweleza sababu. Rkia akawaeleza wanawake wa tanuri la mtaa, ambako kila nyumba ilipeleka mikate yake kuokwa. Bibi Tuda alipofika huko na sinia yake kichwani, mmoja alimwuliza, "Tuda, leo umekumbuka kutia chumvi?" Wengine wakacheka, si kwa ubaya sana. Bibi alicheka nao. Lakini hakurudi tena pale, na mkate ukawa unanunuliwa dukani.

Alasiri moja Itto aliona nyuzi zimefungwa kwenye vidole vya bibi yake. Ulikuwa uzi wa Itto mwenyewe, wa kijani, ule wa kofia.

"Za nini hizo, Bibi?"

Bibi Tuda alificha mkono chini ya shali, kisha akautoa taratibu. "Huu unaniambia nimesali adhuhuri. Huu, kwamba nimekunywa dawa ya presha. Usimwambie mama yako, mjukuu wangu. Asije akazidi kuhangaika."

Siku ile Itto hakuweza kufuma wala kusoma. Kila alipofungua kitabu aliona vidole vile. Mara kadhaa alifika mpaka mlango wa chumba cha bibi yake, akageuka akarudi. Kila alipochelewa, maneno yalizidi kuwa mazito mdomoni.

Ijumaa akaja baba yake mdogo, Lahsen, kutoka Kasablanka, habari za Bibi Tuda zikiwa zimemfikia. Walikaa wote kuzunguka sinia ya kuskusi. Lahsen alikula kidogo, akafuta mikono.

"Mimi naona tusizungukezunguke," alisema. "Mama aje kwangu. Mke wangu yuko nyumbani kutwa. Hatapika, hatawasha chochote. Atakaa apumzike."

"Ghorofa ya nne ile?" Moha aliuliza. "Na magoti yake yale?"

"Ashuke kwenda wapi, kaka?"

Moha alimgeukia mama yake. "Mama, unasemaje?"

Bibi Tuda alikuwa mtu wa neno la mwisho katika nyumba ile. Hata mbuzi wa kununuliwa alichaguliwa na yeye. Sasa alitazama vidole vyake. "Mkiona ni vyema," alisema. "Mimi siku hizi sijiamini."

Itto aliweka kijiko chini.

"Si Bibi," alisema.

"Nini si Bibi?" Hadda aliuliza.

"Dengu nilichoma mimi. Na maziwa, na pasi, na maji. Nilikuwa nafuma kofia za wasichana. Sikuwa nasoma. Bibi hakusahau kitu chochote."

Moha alimtazama bintiye kana kwamba anatafuta kumtambua. "Rudia," alisema, na Itto akarudia, jambo baada ya jambo, machozi yakimwingia mdomoni.

Hadda alifunika uso kwa mikono. "Na mimi niliyefunga gesi. Niliyemsimulia Rkia. Mama, nisamehe."

Bibi Tuda alifungua nyuzi vidoleni mmoja mmoja, akaziweka kando ya sinia. Itto alielewa kwamba ana hasira.

"Nilikuwa naogopa kulala," alisema, "nisije nikaamka siwajui majina yenu. Nawe ulikuwa umekaa pale pale, unaniona."

"Ndiyo, Bibi."

"Uliona nyuzi hizi."

"Niliziona, Bibi."

"Haya," alisema Bibi Tuda. Akainuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Itto alingoja kupigwa. Baba yake hakumpiga. Alisema, "Uongo wako ulitoka kwa mlango huu ukafika mpaka kwenye tanuri. Kesho utaufuata huko huko."

Asubuhi alikwenda na mama yake. Wanawake walikuwa kwenye foleni na sinia zao, Rkia akiwa miongoni mwao. Na pale karibu na mlango, akiwa na mikate ya kwao, alisimama Fadma. Itto akasimama. Hadda hakumsukuma, wala hakumsemea.

"Bibi yangu si msahaulifu," Itto alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikambidi aanze upya. "Bibi yangu si msahaulifu. Mimi ndiye niliyeunguza vitu, nikamsingizia."

"Kwa nini sasa, binti?" mmoja aliuliza.

"Nilikuwa nafuma. Sikutaka nijulikane."

Fadma alitazama sakafu. Mwanamke mmoja alisonya, mwingine akasema watoto wa siku hizi wana roho ngumu. "Na mimi nilicheka," Rkia alisema baadaye, akapanga upya mikate yake ambayo haikuhitaji kupangwa.

Jioni Rkia alikuja mwenyewe kumwomba radhi Bibi Tuda. Habari ya Kasablanka haikutajwa tena. Mtungi wa gesi haukufungwa tena asubuhi, na baada ya siku chache Bibi alikanda unga, akaweka sinia kichwani, akatoka kama zamani.

Lakini kwa Itto hakurudi kama zamani upesi. Alimpa mkate, alimpa chai, ila hadithi alizozoea kumsimulia hakumpa. Itto hakulalamika. Aliwaambia wasichana kwamba kofia zitangoja mpaka mtihani upite. Fadma alinuna, kisha akaacha kununa. Itto alimwendea Mwalimu Saadia akamwambia waziwazi kwamba sehemu hazielewi hata kidogo, na mwalimu akawa anabaki naye baada ya masomo. Nyumbani alisomea mezani jikoni, sufuria ikiwa mbele ya macho yake, na sindano alizishika akishamaliza kusoma, mbele ya watu wote. Hata hivyo siku moja aliunguza mchuzi. Alisimama mlangoni kumngoja mama yake, akamwambia kabla hajavua viatu.

Mtihani ulipita, na matokeo yakaja. Itto alifaulu, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Jioni ile Bibi Tuda alimwita akae karibu naye.

"Sikiliza," alisema. "Sufuria huungua katika kila nyumba, nami nimeunguza nyingi kuliko ulizoziona. Kufuma si kosa, nilikufundisha mwenyewe. Kila kitu kina saa yake, na hilo sasa unalijua. Lakini wewe ulichukua kosa lako ukalitia kichwani mwangu, nikalibeba nikidhani ni langu. Sufuria husuguliwa ikatakata. Moyo wa mtu hausuguliwi hivyo. Utakosea tena, kwa sababu wewe ni binadamu. Ukikosea, liseme siku hiyo hiyo, kwa jina lako."

"Nimesikia, Bibi."

"Nitazame unaponijibu."

Itto aliinua uso. Tangu majira ya baridi alikuwa akizungumza na bibi yake huku anatazama zulia. Sasa alimtazama machoni.

"Nimesikia, Bibi," alisema.