Meno Mawili ya Ruth Metito

Picha ilikuwa na meno mawili ya ziada. Daktari Obonyo aliiinua kwenye taa, akasonya, akamgeukia Syokau, msaidizi wake.

"Umechanganya filamu tena?"

"Leo mgonjwa ni mmoja tu, daktari."

Mgonjwa huyo, Ruth Metito, alikuwa ametoka Bisil hadi kliniki hii ya meno, mjini Noonkopir, akitema damu. Ufizi ulikuwa umeoza, meno yanacheza, na eksirei ndiyo ingeonyesha kama mfupa wa kuyashikilia umebaki au yang'olewe yote. Lakini meno mawili ya mbele ya chini Ruth hakuwa nayo. Yaling'olewa utotoni, kwa desturi ya Wamaasai. Kwenye filamu yalikuwepo, marefu, na mfupa kando yake umeliwa.

"Kung'oa watoto meno! Ushamba mtupu," Obonyo alinung'unika. Mjinga huyo! Babu yake mwenyewe, Mjaluo, alizikwa na pengo la meno sita yaliyong'olewa kwa desturi, ila tai ya shingoni ilikuwa imemsahaulisha.

Picha ya pili ikapigwa. Syokau akaenda kuiosha katika chumba cha giza, akatoka mbio, vidole vikidondosha dawa.

"Kuna kitu kinatafuna huko ndani. Na kunanuka uozo."

"Wewe na mapepo yako! Lete hapa."

Meno yalikuwa yamerefuka.

"Daktari," Ruth akanong'ona, "hiyo kitu niko nayo tangu mvua ya Elnino. Inanikula polepole. Usiiguse."

Obonyo, ambaye aliona kumsikiliza mgonjwa ni kazi ya manesi, alicheka kwa dharau, akavua glavu, akaingiza kidole penye pengo akisema ona, hakuna kitu, ni nyama tu, na kabla hajamaliza pengo likamuuma, uozo ukamjaa puani, kule kutafuna kukahama chumba cha giza kukawa ndani ya kichwa chake, na alipochomoa kidole kilikuwa kimechanika hadi mfupani.

"Nipige picha," alisema kwa sauti ndogo. "Na yeye tena."

Syokau aliziosha zote mbili. Safari hii chumba kilikuwa kimya. Kwenye picha ya Ruth pengo lilikuwa tupu, na mfupa uliobaki ungetosha kuyaokoa meno yake. Kwenye ile nyingine, nyuma ya meno ya chini yalisimama mengine mawili, marefu, na mfupa wote umekwisha.

"Hii ni ya nani?" Obonyo aliuliza, na jino likamdondokea mezani.

Syokau aliiweka picha mbele yake. Alimshika Ruth mkono.

"Twende, mama. Kajiado kuna daktari."