Miwani ya Bibi

Umewahi kutumwa sahani ya chakula kwa jirani, ukaonja njiani mpaka ikafika nusu? Basi msichana ninayemsimulia hapa alifanya hivyohivyo, ila yeye hakupewa chakula. Alipewa maneno.

Alikuwa darasa la sita, na wenzake walimwita Redio kwa sababu hanyamazi. Kila asubuhi alimwamkia bibi yake kwa lugha ya kwao, akamsaidia kukunja blanketi, kisha akafunga viatu huku akimjibu mama kwa lugha ya mjini. Bibi alikuwa na lugha moja tu. Alihamia kwao miezi minne nyuma, na nje ya mlango wao hakuna aliyemwelewa. Kwa hiyo kila alikokwenda, Redio alikwenda naye kumfasiria.

Jumatano moja, mama akiwa anajiandaa kwenda kazini kwa dobi, akasema, "Ukitoka shule mpeleke bibi yako akapimwe macho."

"Lakini mama, saa kumi wanachagua timu ya netiboli."

"Mtawahi tu."

Foleni ilikuwa ndefu. Walipoingia, mpima macho, mama mmoja aliyechomeka penseli kwenye nywele, alimvalisha Bibi fremu nzito ya chuma, akawa anabadilisha vioo kimoja kimoja. Ukutani palikuwa na herufi iliyogeuzwa huku na huku, na Bibi alionyesha kwa mkono ilikoelekea. Juu, chini, kushoto.

"Huyu ananichezesha ngoma," Bibi akasema kwa lugha yao, akicheka.

Redio hakucheka wala hakufasiri. Alikuwa akitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika ishirini.

"Muulize bibi," mpima macho akasema, "anataka miwani ya kuonea mbali, au ya karibu, ya kushonea na kusomea?"

Redio akajua kwamba Bibi akiulizwa hivyo ataanzia mbali, tangu macho yalipoanza kumsumbua. Akamgeukia. "Bibi, anauliza kama umechoka."

"Mwambie sijachoka, mjukuu wangu. Aendelee tu."

"Anasema ya mbali," Redio akamwambia mpima macho. Moyoni akajitetea: mtu ambaye hakwenda shule atasoma nini?

Timu aliipata. Miwani nayo ikaja baada ya wiki, Bibi akaivaa, akashukuru.

Siku moja mvua iliharibu mazoezi, Redio akarudi mapema. Akamkuta Bibi dirishani jikoni, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Mikononi alishika kitabu cha zamani cha Redio, kile cha darasa la kwanza chenye picha, amekinyoosha mbali kadiri mkono ulivyofika. Kidole kilikuwa kikitambaa chini ya neno, midomo ikinong'ona, "Ki... ko..."

Bibi alipomwona, akakifunga haraka. "Nafuta vumbi tu."

"Na miwani, Bibi? Haikusaidii?"

"Inanisaidia sana. Naona nguo za jirani kwenye kamba, hata vibanio nahesabu. Ya karibu tu ndiyo yanakuwa ukungu. Macho yangu yameshaharibika, mwanangu. Usimwambie mama yako, atasikitika bure."

Akakirudisha kitabu kwenye rafu. Redio aliona uzi mwekundu umechomoza katikati ya kurasa, alama ya pale Bibi alipofika. Bibi hakukishika tena siku hiyo, wala kesho yake.

Siku ya tatu, wakati wa kula, mama akauliza, "Redio imeishiwa betri leo?"

Ndipo akasema yote, bila kuonja hata kidogo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uliogopa kukosa netiboli."

"Ndiyo, mama. Halafu nilidhani..."

"Ulidhani." Mama akasukuma sahani pembeni. "Nilipofika mjini, mimi nilisemewa mwaka mzima. Watu walinichagulia viatu, wakanichagulia kazi, mimi natikisa kichwa tu kama mtoto. Ukimfasiria mtu, fikisha alichosema, chote, hata kikiwa kirefu. Na usichokijua, muulize mwenyewe. Mdomo ni wako, lakini maneno ni yake. Kesho mtarudi."

Kesho yake kulikuwa na mechi ya kwanza. Redio hakuitaja.

Wakiwa wamekaa kwenye benchi la kusubiri, akamweleza Bibi alichofanya, kwa lugha yao, macho yake yakiwa sakafuni. Bibi akaivua miwani, akaitazama.

"Kwa hiyo macho yangu hayajaharibika?"

"Hayajaharibika, Bibi. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

"Ulinifanya nikiache kitabu," Bibi akasema. Kisha akamshika mkono. "Nimekusamehe. Lakini usirudie."

Mpima macho aliwakumbuka. Redio akakiri kosa lake, naye akaliuliza upya swali lile: ya mbali, au ya karibu? Redio akamgeukia Bibi na kulifasiri lote, neno kwa neno, kisha akangoja.

Bibi akarekebisha kitambaa chake kichwani. Hakumtazama mjukuu wake. Alimtazama mpima macho, akavuta pumzi, na polepole, kwa lugha ya mjini, akasema:

"Mimi nataka kusoma."