Bomba Moja, Foleni Mbili

Kila asubuhi bomba la kijiji lilikuwa na foleni mbili. Kushoto wanawake na ndoo zao. Kulia wanaume na baiskeli zao, kila baiskeli na madumu sita. Bomba lenyewe lilikuwa moja. Basi kila zamu ilianza kwa ugomvi, na maji yalisubiri kwa heshima mpaka ugomvi uishe.

Kijiji hicho kiko kata ya Gwata. Hapo aliishi Firdausi, mshonaji wa miaka ishirini na miwili, pamoja na mama yake, Mwanahalima. Firdausi alipozaliwa, watu walisema ni mtoto wa kiume, akaitwa Maneno. Lakini tangu utotoni mwenyewe alijijua kuwa ni msichana. Sasa alivaa dera na mtandio. Magauni aliyoshona yalivaliwa hata na waliomsengenya.

Kwenye foleni ya wanaume walimfukuza. "Nenda kule kwenu!" Akivuka, wanawake nao wakamwambia, "Hapa si kwenu!" Siku moja alivuka mara nne. Ndoo yake ilitembea sana siku hiyo, ikarudi nyumbani kavu.

Mwanahalima akaona amepata dawa. "Mwanangu, achana na bomba. Nenda bwawani saa saba mchana, watu wamelala. Hakuna atakayekuona."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Ni kweli bwawani hapakuwa na mtu wa kumsema Firdausi. Hapakuwa pia na mtu wa kumsaidia.

Wiki ya pili vijana watatu walimfuata. Walimvua mtandio, wakacheka, kisha mawe yakaanza kuruka. Firdausi aliacha ndoo, akakimbia. Alifika nyumbani damu ikimtoka juu ya jicho.

Mwanahalima alilia huku akimfungia nguo zake kwenye kanga. "Kesho unakwenda kwa shangazi yako, Msimbu. Huko Kisarawe hawakujui."

"Watanijua, mama. Huko nako wanachota maji. Kisha nihamie wapi? Mwezini?"

"Hodi!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Adventina, afisa maendeleo ya jamii wa kata, amefuata gauni lake. Alipoliona jeraha, gauni likasahaulika. "Nani kafanya hivi?"

"Ameanguka," Mwanahalima alijibu haraka.

"Nimeangukiwa na mawe ya Sadick," Firdausi akasema. "Yeye na wenzake wawili, bwawani mama anakonificha."

Adventina akakaa mkekani. "Mama, mwanao hajarogwa, wala hajamwiga mtu. Watu kama yeye wapo kila mahali. Ukimficha, wanaomwinda wanapata nafasi. Na kumpiga mtu mawe ni kosa, awe nani. Tutakwenda zahanati, jeraha lishonwe na liandikwe. Halafu kwa mtendaji wa kijiji, tukashtaki. Nitakuwa nanyi. Kuanzia leo asiende peke yake mahali pa upweke." Akamgeukia Firdausi. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kubaki kwetu, dada. Na nataka maji."

Siku tatu baadaye, kwa ombi la Adventina, kamati ya maji ilikutana bombani mbele ya wanakijiji. Mwenyekiti wake, Mzee Twalibu, alikuja na kofia iliyopigwa pasi, kama anayekwenda kufungisha ndoa.

"Foleni mbili ni desturi yetu ya asili," alitangaza.

"Tangu lini, mzee?" Adventina aliuliza.

"Tangu bomba lilipokuja."

"Lilikuja lini?"

Mzee Twalibu alikohoa. "Mwaka juzi."

Watu wakaangua kicheko. Firdausi akasimama. "Shikamoo, Mzee Twalibu."

"Marahaba," alijibu akitazama pembeni.

"Siombi foleni ya tatu. Naomba tupange vyombo. Aliyetangulia kuweka ndoo, atangulie kuchota. Kila zamu vyombo viwili tu, uwe na baiskeli au ubebe kichwani."

"Na wewe utasimama upande gani?"

"Nyuma ya ndoo yangu, baba."

Wanawake walicheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Wenye baiskeli walinung'unika. Ndipo Mwanahalima akainuka, mtu ambaye hakuwahi kusema neno mkutanoni.

"Mzee Twalibu, mwanangu kashonwa nyuzi tano. Aliyemtupia jiwe ni Sadick, kijana wako. Mimi nilimficha binti yangu bwawani, nikakosea. Simfichi tena. Je, wewe wa kwako utamficha?"

Mzee Twalibu alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. "Sadick," aliita, "simama." Sadick alisimama na kuomba radhi mbele ya watu wote, sauti nyembamba kama ya mbu. Yeye na wenzake wawili waliandikiwa onyo kali kwa mtendaji. Baba yake mwenyewe ndiye aliyewafikisha.

Kisha kura ya mikono ikapigwa. Foleni moja ilishinda kwa kishindo.

Zamani watu walichota mpaka adhuhuri. Wiki hiyo, saa tatu asubuhi kila mtu alikuwa amekwisha kurudi kwake, hata wenye baiskeli wakaacha kununa. Wengine bado walimkata Firdausi jicho. Lakini alichota mchana kweupe, katikati ya majirani, na hakuna jiwe lililorushwa tena.

Ijumaa zamu yake ilifika akiwa anamsimulia jirani mtindo mpya wa mikono ya gauni. Maji yakajaa, yakamwagika. Nyuma yake wanawake wakapiga kelele kwa pamoja:

"Wewe dada! Unachota au unapiga soga? Toa ndoo yako, na sisi tuna wanetu nyumbani!"

Firdausi alijitwika ndoo, akaondoka akitabasamu. Alikuwa amefokewa kama mtu mwingine yeyote.