Pudini ya Mzee

Mwisho wa mwezi watu wote huona njaa siku moja. Supamaketi ilifurika, matoroli yanagongana, na mtaalamu wa lishe aliyekuwa ametoka kazini hospitalini hakuwa na nguvu ya kusukumana na mtu. Tangu asubuhi alikuwa akiwaambia wagonjwa wale nini na waache nini, na yeye mwenyewe hakuwa ametia kitu tumboni ila chai kavu. Gauni lake la kijani lilikuwa limekunjamana, viatu vinambana, koti jeupe la kazi amelibana kwapani. Alitaka chochote ambacho hakipikwi.

Friji ya vitu vya maziwa ilikuwa imezimwa. Mbele yake fundi alikuwa amepiga magoti, mikono ya ovaroli kaifunga kiunoni, na vyote vilivyokuwa ndani vimerundikwa kwenye toroli. Mwanamke akaokota kikombe cha pudini ya chokoleti, ile iliyo tayari kuliwa, unabandua kifuniko na kuchota. Akakigeuza asome nyuma. Huo ndio ugonjwa wa kazi yake, hawezi kushika chakula bila kukisoma mgongo.

"Dada, hivyo vimeshapata joto," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Ukila usije ukanitafuta."

"Sili. Nasoma."

"Kumbe kuna hadithi humo?"

"Ipo, tena ya huzuni. Sukari imejaa, mafuta yapo, protini ya kulamba tu. Kalsiamu kidogo, kwa ajili ya maziwa. Basi."

Fundi aliweka bisibisi chini, akamtazama. Alikuwa na macho ya mtu ambaye usingizi umemsahau. Akaeleza kwamba hadithi hiyo ya huzuni ndiyo iliyokuwa ikimweka baba yake hai. Mzee alipasuliwa tumbo, daktari akasema lazima apasuliwe tena ili kazi ikamilike, lakini hatamgusa mpaka aongezeke uzito. Na kila chakula kilimkaa mzee kooni, isipokuwa pudini.

Ungetarajia mwanamke aliyechoka vile aseme pole na ashike njia yake. Yeye aliuliza maswali mpaka friji ikaanza kunguruma, na walipoachana kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Mapenzi ya watu waliochoka hayana mbwembwe. Fundi alikuwa akimpigia simu mchana akiwa nyuma ya friji ya watu, anamwita Bi Lebo kwa ile tabia yake ya kusoma migongo ya vikombe, anamuuliza kama ameshakula. Naye akimjibu kwamba amekula, fundi husema, "Mwongo wangu mpenzi, shuka chini ununue hata mkate." Jioni walikaa kwenye ngazi za nyumba ya fundi, bega kwa bega, na mara nyingine mmoja alisinzia katikati ya sentensi ya mwenzake, wala hakuna aliyenuna.

Bi Lebo alipoanza kuingia ndani, alimolala mzee, alitaka aingie na kitu mkononi. Hilo ndilo lililomponza. Alitaka baba wa mpenzi wake amwone ni mtu wa maana, akaitia kazi yake yote katika sahani ya mzee yule: viazi vilivyopondwa kwa siagi na maziwa, mayai, supu ya kuku iliyosagwa ikawa laini. Pudini akaipiga marufuku. Alimweleza mzee kwa upole kwamba sukari tupu haijengi nyama, na anayesubiri kupasuliwa anahitaji protini ili kidonda kifunge. Mzee, amejifunga shuka mpaka kifuani, akasema, "Sawa, mwanangu."

Na sahani zikawa zinarudi nyeupe. Bi Lebo moyo ukamjaa. Lakini mizani ya kliniki ikawa inashuka, na ndani ya nyumba kukazuka harufu. Fundi, kwa kuwa ni fundi, aliishuku friji. Akaifungua, akaisafisha, akaifunga; harufu ipo. Akaifungua tena mpaka mota. Siku aliposogeza kitanda cha baba yake ili afagie, akakuta nyuma yake mifuko ya plastiki, imefungwa vizuri, na ndani yake viazi, mayai na kuku wa wiki nzima.

Simu ilimkuta Bi Lebo kazini, mbele ya mgonjwa.

"Umemshindisha baba yangu na njaa," fundi alisema. Sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Sahani zilirudi tupu. Uliziona."

"Uliniambia pudini haina kitu. Kwake ndiyo ilikuwa na kila kitu. Baba yangu si kikombe, Bi Lebo, kwamba umgeuze nyuma umsome umalize."

Akakata. Bi Lebo alirudi kwa mgonjwa wake na kuendelea kueleza habari za chumvi, lakini machozi yalikuwa yakimtoka, na mgonjwa ndiye aliyempa kitambaa.

Hakupiga simu, wala hakupigiwa. Alikwenda kazini, akarudi, akalala na gauni. Kilichomuuma si kulaumiwa. Ni kwamba alilijua jambo hili tangu chuoni: mtu aliyekataa chakula, shika kwanza kinachopita kooni, kisha ukirutubishe hicho hicho. Kwa mgonjwa yeyote wa wodini asingekosea. Kwa mzee huyu alikosea kwa sababu alimtaka mtoto wake. Alipojiambia ukweli huo waziwazi, aibu ikamshika, kisha ikamwinua kitandani.

Jumapili mchana alibisha hodi, mkononi mfuko wenye vikombe vya pudini, unga wa maziwa na siagi ya karanga. Fundi alifungua, shati halijapigwa pasi, ndevu zimemwota ovyo. Walitazamana, kila mmoja akaona jinsi mwenzake alivyokwisha. Fundi akampisha apite.

Alikoroga pudini na unga wa maziwa na kijiko kizima cha siagi ya karanga mpaka ikawa nzito, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba, nimekukosea. Nilikunyima kitu pekee kilichokuwa kikipita kooni."

Mzee alikula, akakwangua kikombe. Kisha akasema, "Kosa ni langu, binti yangu. Niliogopa ukiona sili, utasema nyumba hii ina mzigo, utaondoka. Kijana wangu hakuwahi kucheka hivyo toka mama yake atutoke. Nikasema, heri nifiche chakula."

Mlangoni fundi aliinamisha kichwa kwenye fremu. Baadaye, jikoni, alimwomba radhi kwa maneno machache yaliyokatikakatika, naye akamjibu aache, wote wamechoka.

Pudini ile nzito ikawa chakula cha mzee asubuhi, mchana na jioni. Mizani ikasimama, kisha ikaanza kupanda, taratibu mno, mpaka daktari akakubali. Siku ya upasuaji walikaa kwenye benchi la ukumbini, Bi Lebo kavua viatu. Milango ya chumba cha upasuaji ilikuwa imefungwa muda mrefu kuliko walivyoambiwa.

"Tuoane," fundi alisema, macho kwenye milango.

"Usiniulize sasa. Mzee akiwa humo siwezi kukujibu."

"Nasubiri."

Wakasubiri, mkono ndani ya mkono. Hatimaye muuguzi akatoka, barakoa imening'inia sikioni, naye amechoka vilevile.

"Nyie ndio watu wa yule mzee? Kazi imekwenda vizuri. Ameamka, lakini hatulii, anauliza kama kijana wake ameshajibiwa. Sijui anaongea nini. Nimwambieje?"

Bi Lebo alimgeukia fundi, ambaye ghafla alikuwa akichunguza kucha zake.

"Mwambie baba kwamba kijana wake amekwishajibiwa," akasema. "Mwambie nimekubali."